Miaka Yangu kwenye Duara la Kayombo

Wiki iliyopita msichana mpya wa mlangoni aliniuliza, "Mama Moniki, sirkwi ya Kayombo inakamata saa ngapi?" Nikamjibu kwamba kuizunguka njia yetu huchukua saa moja. Nilipofika nyumbani nikaona nimemdanganya. Mwenye haraka huimaliza kwa nusu saa na hajaona kitu. Mwenye mapafu yaliyojaa vumbi la mgodi huimaliza kwa saa tatu. Na mimi iliwahi kunikamata asubuhi nzima, nikiwa na vijana wanane nyuma yangu ambao hawakuja kutazama miti.

Kwa hiyo nimeona heri niwaandikie ninyi mnaobaki kazini. Vyeo na mshahara sitavigusa. Cheo changu mlikisoma kwenye karatasi ya kuniaga, na kimeandikwa vibaya.

Kwa asiyeijua Kayombo, ni kamsitu kadogo nje ya Kolwezi, upande ambao mashimo ya shaba hayajafika. Njia ni moja tu, nayo huzunguka. Unaingia mlangoni, unashika kulia. Unapita kwenye miombo na vichuguu vinavyomzidi mtu urefu, unatokea kwenye uwanda mtupu wa maua ya shaba, unavuka daraja la mbao juu ya bonde la majimaji, halafu unafika bwawani penye payoti, kibanda cha majani cha kupumzikia. Hapo ni katikati. Kutoka hapo unarudi kwa upande mwingine, chini ya miti mikubwa yenye kivuli kizito, mpaka mlango uleule. Hakuna kilima. Hata bibi wa miaka themanini mwenye viatu vya kanisani anaiweza.

Nilifika pale nikiwa msichana, nimetolewa kwenye bustani ya miche ya Kampuni ya migodi. Msimamizi wa bustani alisema ninaongea sana na miche haioti kwa maneno. Nilikabidhiwa kwa Tata Kabeya (kwetu baba ni tata, wakiwa wengi batata), mlinzi mkuu wa Kayombo, mtu mfupi mwenye goti bovu la kulia. Njia ile aliifyeka yeye mwenyewe. Alikaa na mke wake, Mama Ntumba, katika nyumba ndogo ya matofali kando ya mlango.

Siku ya kwanza nilitegemea kupewa panga. Hakunipa kitu.

"Zunguka," akasema.

"Peke yangu, tata?"

"Peke yako. Na mudomo ifunge."

Nikazunguka, nikarudi. Akaniuliza, "Ulisikia nini?" Nikasema sikusikia kitu. "Zunguka tena." Siku ile nilizunguka mara nne, na mara ya nne nikamwambia nimesikia kanga upande wa bwawa na mtu anayekata mti upande wa barabara. Akachukua panga na filimbi akaenda kumfukuza mkata mti. Aliporudi alisema, "Sasa uko mufanyakazi." Kesho yake ndipo nilipopewa kupekupe, lile panga refu lililopinda mwishoni la kufyekea majani. Nawashauri, vijana, mlinoe kila asubuhi kabla ya chai. Kupekupe butu linakata mguu wa mwenyewe tu.

Kuongea alinifundisha baadaye. Alisema ugonjwa wangu wa maneno utakuwa dawa siku moja, ila kwanza niwe na kitu cha kusema. Akanifundisha musuku na matunda yake, mupundu, mutondo, na mubanga ambao mbao zake haziozi. Akanionyesha jinsi miombo inavyotoa majani mekundu kabla ya mvua, hata wageni wanadhani msitu unaungua. Mgeni mmoja mhandisi alikimbia kweli kuita watu wa zimamoto. Tuliwapa maji ya kunywa, wakarudi.

Mgeni aliyenifundisha zaidi alikuwa mzee mmoja wa Musonoi, mchimbaji wa chini ya ardhi aliyestaafu, ambaye kifua chake kilipiga mluzi. Alikuja kila Jumapili kwa basi la Kampuni. Alitembea hatua ishirini, akapumzika, akatembea ishirini nyingine. Mimi niliona taabu. Mara ya tatu nikamwambia Tata Kabeya ampeleke yeye, mimi nina kazi.

Tata akaniita pembeni. "Moniki, mutu mwenye anakimbia hapa, atakumbuka nini? Ule muzee anajua kila jani. Weye unajua tu fasi ya kufika." Kweli nilijua mahali pa kufika tu. Akamshika mzee mkono, nami nikafuata nyuma. Saa tatu. Kila walipopumzika, Tata alikuwa na hadithi ya mti uliokuwa karibu. Hakuwahi kumwambia mzee "tupumzike." Alisema, "Ngoja nikuonyeshe huu." Huo ndio ustadi wote wa kuongoza watu, na sijauona katika semina yoyote, ingawa chai ya semina ni nzuri.

Halafu mambo yakaanza kuanguka. Shimo kubwa la chini kwa chini liliporomoka, mashine zikanyamaza moja baada ya nyingine, na mji uliozoea kuamka kwa king'ora ukawa unaamka kwa jogoo kama kijiji. Basi la Jumapili halikuja tena. Benchi zetu ziliondoka usiku, nadhani kwa miguu yao wenyewe. Kibao cha bati kilichoandikwa kwamba ni marufuku kuwasha moto nilikikuta sokoni kimekuwa mbabula, jiko la makaa, na maandishi bado yanasomeka. Nilimwambia Tata Kabeya. Alicheka mpaka akashika goti.

Kicheko kile kilikuwa cha mwisho kwa muda mrefu. Watu wenye njaa walitafutiwa wa kulaumu, na waliopatikana walikuwa majirani zetu wenye asili ya mkoa wa Kasai, Tata Kabeya na mkewe wakiwamo. Ilisemwa kwenye mikutano kwamba wao ndio wamekula kazi zetu, kwamba warudi kwao. Vikundi vya vijana vikaanza kupita mitaani na filimbi na orodha. Watu waliuza vitanda kando ya barabara. Uwanja wa stesheni ukajaa familia zilizolala juu ya mizigo zikingoja treni isiyokuja.

Lazima niseme na hili, maana mkiambiwa kila mtu alikuwa shujaa msikubali. Sokoni watu waliimba wimbo wa kuwafukuza. Sauti yake ilikuwa nzuri, mimi nikaufuata nikiwa nimefunga mdomo, huku nachagua nyanya. Nilifika nusu ya wimbo ndipo nikakumbuka ni Tata Kabeya ninayemwimbia. Niliacha nyanya, nikaondoka. Lakini nusu ile niliiimba.

Tata mwenyewe alizaliwa kambini Kolwezi, baba yake alipokuja kuchimba. "Mi Kasai najua kwa karti tu," alizoea kusema, yaani kwenye ramani. "Banasema nirudie. Mutu anarudia namna gani fasi hajafikaka?"

Mama Ntumba hakuwa na wakati wa maswali ya namna hiyo. Nyumba ya jirani yao ilipochomwa, alifunga vitu katika mafurushi mawili na kusema wanatoka. Palikuwa na msafirishaji mmoja, Tata Ramazani, Mwislamu ambaye wazazi wake walitoka upande wa Kindu. Alikuwa akituletea kokoto za njia. Alikubali kuja na lori lake Jumapili saa tano za asubuhi kuwapeleka kwenye uwanja wa parokia, ambako mapadri waliwapokea watu na vijana hawakuthubutu kuingia. Ili wasikutwe nyumbani, Tata na Mama Ntumba walilala siku mbili kwenye payoti ya bwawani. Mimi nilikaa mlangoni. Tulipatana kwamba lori likifika nitagonga kile kipande cha reli tulichokining'iniza kwa kuwaita wageni wakati wa kufunga, nao watakuja kwa upande wa miti mikubwa, maana ndiko njia ilikuwa kavu na goti lake lingeweza.

Jumapili ikafika. Saa tatu hivi nikasikia filimbi. Sikusikia lori.

Walikuwa vijana wanane. Kiongozi wao alivaa filimbi shingoni kwa kamba ya kiatu. Kando yake alisimama kijana mrefu mnyamavu, Kapend, ameshika orodha ya majina kwenye karatasi iliyochanwa kwenye daftari. Baadaye nilijua kwamba yeye peke yake ndiye aliyejua kusoma vizuri, ndiyo maana alipewa karatasi.

"Mama, Kabeya iko wapi?" akauliza mwenye filimbi.

"Jambo, batata. Karibuni."

"Jambo. Kabeya iko wapi?"

"Mi sijue. Nyumba njo ile, muangalie."

Waliangalia. Walitoka na kiti, sufuria na redio. Kiongozi akatazama msitu. "Atakuwa mule ndani. Tuingie." Akaelekeza kidole upande wa kushoto, upande wa miti mikubwa, kwa sababu palikuwa na kivuli.

Vijana wangu, hesabu hiyo haihitaji shule. Wakishika kushoto watakutana nao uso kwa uso. Wakishika kulia, na wale wa payoti wakianza kutembea sasa, wote watakuwa wanaelekea upande mmoja kwenye duara moja. Anayefuata hamfikii anayetangulia, mradi tu yule wa nyuma atembee polepole kuliko mzee mwenye goti bovu.

"Ule upande hapana, tata," nikasema. "Kuko siafu. Bageni bote banaingiaka kwa kuume. Na mbele ya kuingia, lazima tugonge reli. Njo sheria ya fasi."

"Sheria ya nani?"

"Ya fasi. Mukubwa wa groupe njo anagongaka."

Kusikia "mukubwa" akanyoosha mgongo. Nikampa chuma. Akagonga reli mwenyewe, kwa nguvu zote, kama mtu anayeita mji mzima. Nikamwomba Mungu kule bwawani wamsikie na waanze kutembea.

Kisha nikafanya kazi yangu. Sijawahi kuifanya vizuri hivyo, wala sitarajii kuifanya tena.

Kwenye musuku wa kwanza nilisimama. Nikaeleza matunda yake, mwezi wa kuiva, jinsi ya kuyafukia mchangani yaive haraka, na mambo ya maganda yake ambayo mengine niliyatunga palepale. Kwenye mupundu nikasimama. Kwenye kichuguu nikawaeleza habari za malkia wa mchwa na watoto wake.

"Mama!" akapiga kelele mwenye filimbi. "Tuko tunatafuta mutu, hapana muti!"

"Mutu na muti biko karibu tu, tata."

Wawili wakacheka, akawatazama wakanyamaza. Lakini kufika kwenye mutondo kijana mmoja mwenye tumbo la kuuma akaniuliza taratibu kama kuna mti wa dawa ya tumbo. Nikamwambia upo, tena tumeupita. Tukarudi nyuma hatua thelathini. Alitaka nirudie jinsi ya kuchemsha. Nilirudia mara mbili, na nikamwonya asizidishe.

Tulipotokea kwenye uwanda wa maua ya shaba, jua lilikuwa limepanda na jasho lilinishuka mpaka kwenye kiuno cha kikwembe, kitenge nilichojifunga. Pale hakuna mti hata mmoja, majani mafupi tu na yale maua ya zambarau. Nikawauliza, "Munajua juu ya nini muti haioti hapa?" Wakatazama ardhi. "Sababu chini kuko shaba. Muti inaogopa shaba. Hii maua njo inapenda. Bazee ba zamani balikuwa banatafutaka shaba kwa kufuata hii maua."

Nilikuwa nasema kweli tupu, na kweli ile ilinisaidia kuliko uongo wote wa asubuhi ile. Walikuwa watoto wa Kolwezi. Mmoja akaanza kukwaruza ardhi kwa fimbo. Wa pili akapiga magoti. Punde wote walikuwa chini, hata mwenye filimbi, wakionyeshana vijiwe vyenye rangi ya kijani. Nilikaa kwenye jiwe nikawatazama. Walikuwa vijana wasio na kazi katika mji ambao kazi imekufa, na kwa robo saa walisahau kabisa wamekuja kufanya nini. Kapend peke yake hakuinama. Alisimama na karatasi yake akitazama upande wa bwawa.

Mwenye filimbi alikumbuka. "Tuende!"

Darajani nilisema mbao zimeoza, wapite mmoja mmoja. Mbao zilikuwa za mubanga, zingebeba lori. Wakapita mmoja mmoja.

Payotini hapakuwa na mtu. Nilivuta pumzi, kisha nikaona mafiga. Jivu lilikuwa jeupe na juu yake moshi mwembamba unapanda. Mwenye filimbi akaweka mkono juu ya jivu.

"Iko na moto," akasema. "Nani alikuwa hapa?"

"Bamama ba uyoga," nikasema. "Banakuyaka kila asubui. Mi nabakatazaka moto, habasikie."

Mwenye filimbi akafuta jivu la mkono kwenye suruali. Halafu akatazama njia, na kwenye matope ya ukingo wa bwawa niliona alichokiona yeye, alama za miguu, jozi mbili, mguu mmoja umekokotwa.

"Tukimbie!" akasema. "Haiko mbali!"

Wakajipanga kukimbia. Mimi sikuwa na mti mwingine wa kueleza. Maneno yalikuwa yameniishia, mimi niliyefukuzwa bustanini kwa sababu ya maneno.

"Aaa! Mwiba!"

Ilikuwa sauti ya Kapend. Alikuwa ameketi chini katikati ya njia, ameshika mguu wake wa kushoto kwa mikono miwili.

"Amuka!" akasema mwenye filimbi.

"Siwezi. Imeingia ndani kabisa."

"Basi baki."

"Nibaki na karatasi? Bon, kamata." Akamnyooshea. "Kiisha hapa tuko na nyumba ingine sita za kupita. Utabasomea weye?"

Mwenye filimbi hakuipokea karatasi. Masikio yake yalibadilika rangi. Akasimama anapiga mguu chini huku Kapend anakamua unyayo wake, anapuliza, anakamua tena. Nilipiga magoti nimsaidie, ndiyo heshima ya mwenyeji kwa mgeni. Nikaushika mguu ule, nikaugeuza huku na huku. Ulikuwa mguu safi, hauna hata mchubuko. Nikainua macho. Alikuwa ananitazama.

"Iko ndani sana, mama?" akaniuliza.

"Iko ndani sana," nikasema. "Usitikisike."

Tulimtoa mwiba ule, yeye na mimi, kwa muda ambao mtu angeweza kupika bukari, ule ugali wetu, na kuila. Aliposimama alichechemea mpaka mlangoni, na kwa sababu ya kuchechemea kwake tulitembea polepole chini ya miti mikubwa, ambako hapakuwa na siafu hata mmoja.

Mlangoni palikuwa na alama mpya za magurudumu, na vumbi la lori lilikuwa limeshatua; saa tano ilikuwa imepita, wale wawili wameondoka. Mwenye filimbi akaangalia nyumba, akaangalia kipande cha reli, akaangalia njia ya kulia tuliyoanzia.

"Tumerudia fasi tulianzia!"

"Njo sirkwi, tata. Inazungukaka."

Alinipiga kofi. Sikio la kushoto lilivuma siku mbili, na mpaka leo ukitaka niseme ndiyo bila kufikiri, uniulize kwa upande huo. Wakaondoka na kiti, sufuria na redio.

Kesho yake nilikwenda parokiani na bukari katika sahani iliyofunikwa. Tata Kabeya alikuwa ameketi juu ya furushi katikati ya mamia ya watu, goti limevimba kama boga. Nilitaka kumwambia mambo mengi. Nilitaka kumwambia kuhusu nusu ya wimbo. Yeye akauliza, "Balikanyaga maua?"

"Kidogo, tata."

"Itarudi." Akala kidogo. "Moniki, ule mutaro chini ya daraja. Usafishe mbele ya mvua ya kwanza. Ukiacha majani ijae, mayi itabeba daraja yote."

Nilikwenda kila siku kwa wiki tano, na Mama Ntumba nikamsimulia asubuhi ile yote, hata kijana mwenye karatasi. Kila siku alikuwa na agizo la kazi: panda miche hii, usimwamini fulani anayejifanya anatafuta asali, noa, fagia, hesabu kanga. Siku treni ilipokuja hatimaye, mabehewa ya mizigo yasiyo na viti, nilimsukuma kwa mgongo apande. Watu walilia stesheni nzima. Akainama kutoka mlangoni, nikajua sasa atasema neno la kuagana.

"Mutaro," akasema.

Nilirudi Kayombo nimekasirika, nikausafisha mtaro mvua ikiwa bado mbali, natupa majani na matope na kulia kwa hasira. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba hakuwa na kitu kingine duniani cha kumwachia mtu, na alikuwa ananiachia.

Nilipewa nafasi yake. Nyumba yake pia. Niliambiwa nikikataa itang'olewa bati na milango kabla ya Ijumaa, nayo ilikuwa kweli, nyumba nyingi ziling'olewa. Nikaingia. Sijui kama nilifanya vizuri. Najua kwamba kwa mwezi mzima nililala sebuleni, sikuthubutu kuingia chumbani.

Miaka iliyofuata mnaijua kwa kusimuliwa. Wakata makaa walikula msitu mpaka kwenye njia yetu. Tuliishi kwa kupatana. Wamama wa uyoga, wale niliowasingizia, nikawaruhusu kuingia bila kitu, nao wakawa macho yangu kuliko walinzi kumi. Na mwisho wa kiangazi cha mwaka ule wa treni, Kapend alikuja peke yake, bila filimbi wala karatasi, akaniuliza kama nina kazi. Nikamwambia kazi ipo, malipo hayapo. Akachukua kupekupe. Ndiyo, ni Tata Kapend huyuhuyu mnayemtania kwa kunyamaza kwake. Amenipa ruhusa kuandika. Kuhusu mguu wake hatujawahi kuongea.

Tata Kabeya alifika Mwene-Ditu, huko Kasai. Alilima maharagwe kwa watu waliomwita Mukatanga, yaani mtu wa Katanga, kwetu huku, na madereva waliniambia kila aliyetoka Kolwezi aliulizwa habari za mtaro. Alikufa kule, mvua zikiwa zimeanza. Barua ya Mama Ntumba ilinifikia kwa dereva wa lori ikiwa na mistari mitatu, wa mwisho ukisema atakuja siku moja.

Nilidhani ni namna ya kusema tu. Lakini mambo yalipotulia na migodi ikaanza kuvuma tena, alasiri moja taxi-moto, pikipiki ya abiria, ilisimama mlangoni, akashuka bibi mfupi aliyenyooka kama mwiko, ameshika mfuko.

Nikamtambua, nikataja jina lake; Kapend ndiye aliyekuwa karibu. Nilimwona anasita, kisha anamwendea, anavua kofia.

"Mama Ntumba," akasema, "mi naitwa Kapend. Ile siku, mi nilikuwa na bale."

Bibi akamtazama kutoka chini, maana alimfika kifuani tu. "Weye njo ulishikaka karatasi?"

"Ni mi, mama."

Alimkagua mpaka miguuni. Kisha akamsukumia ule mfuko kifuani. "Shika na hii. Iko nzito."

Akaja kwangu. Nilikuwa nimeandaa maneno kwa miaka mingi, kuhusu nyumba, kuhusu chumba, kuhusu wimbo hata. Nikafungua mdomo, akanipita, akaingia ndani. Alitembea chumba hadi chumba. Aligusa dirisha. Alifungua mlango wa jikoni akasimama hapo, amenipa mgongo. Nilisubiri alie, au anitukane, au aseme nitoke. Lolote kati ya hayo ningelikubali.

"Moniki."

"Mama."

"Nani alipaka hii rangi?"

"Ni mi, mama."

"Ni mubaya," akasema, akavuta kiti akaketi. "Leta mayi ninawe. Nimetoka mbali."

Alikaa nasi wiki tatu. Ilikuwa rangi ya kijani ya Kampuni, iliyobaki stoo, na kweli ilikuwa mbaya. Wiki ya pili tulikwenda sokoni sote watatu akachagua nyingine. Kapend alipanda ngazi, mimi nilishika ndoo, na Mama Ntumba aliketi katikati ya jikoni akituonyesha kwa kidole kila mahali tuliporuka bila kupaka.